Bima Ikisema Ni Mapema Mno: Namna ya Kuipata Dawa Yako kwa Wakati

Hotuba ya mfamasia kwa wazee na familia zinazozungumza Kiswahili, Columbus, Ohio

Waheshimiwa wazee wetu, mama zetu, viongozi wa jumuiya, na ndugu zangu mliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania, nawasalimu nyote na ninashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya mtu anayekwenda famasia kuchukua dawa yake ya kila mwezi, akaambiwa kwamba bima imekataa, akarudi nyumbani mikono mitupu. Sitagusa bei za bima wala siasa zake, kwa sababu hayo yana wasemaji wake na yatatumalizia jioni yote.

Msimamo wangu nautanguliza. Mara nyingi kukataliwa huko si uamuzi wa mtu aliyeutazama ugonjwa wako akaona kwamba dawa huihitaji. Ni hesabu iliyofanywa na kompyuta ndani ya sekunde chache kwa tarakimu ilizopewa, na tarakimu hizo zikiwa na kasoro huweza kusahihishwa, pengine siku hiyo hiyo. Lakini hakuna atakayezisahihisha ikiwa mwenye dawa ameshaondoka bila kuuliza sababu. Kwa hiyo neno kubwa nililokuja nalo ni hili: usiondoke kaunta kabla hujaambiwa ni kwa nini, na ni nani kati ya daktari, famasia na bima anayepaswa kufanya jambo linalofuata.

Ninajua kwa nini wengi wetu huondoka kimya. Tumelelewa katika utaratibu mwingine. Ukienda na boksi tupu la dawa ya presha katika duka la dawa la Kariakoo au la Goma, mara nyingi muuzaji hatakuuliza ya mwisho ulinunua lini; atakutajia bei. Hapa Marekani, kila mara mfamasia anapoandaa dawa inayolipiwa na bima, huituma taarifa yake kwanza kwenye kompyuta ya kampuni inayosimamia mafao ya dawa kwa niaba ya bima. Kampuni hizi wengi hawazijui ingawa majina yake yameandikwa kwenye kadi zao. Tatu kubwa, yaani CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, hupitisha karibu asilimia 80 ya dawa zote za cheti cha daktari nchini, kwa mujibu wa ripoti ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya mwaka 2024. Kwa wenye Medicaid ya Ohio, yaani bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, walio katika mipango ya kampuni za bima, kazi hiyo tangu Oktoba 2022 imekuwa ya kampuni moja, Gainwell. Jibu linalomfikia mfamasia hutoka huko, nalo huja na namba. Namba 79 maana yake ni kwamba umekuja mapema mno. Namba 75 maana yake dawa inahitaji idhini ya awali, yaani bima iikubali kwanza kabla ya kuilipia. Namba 76 maana yake umevuka kiwango ambacho mpango wako unakiruhusu. Huna haja ya kuzikariri, ila mjue kwamba mfamasia anayekuambia «bima imekataa» ana sababu mbele yake kwenye skrini, na una haki ya kuisikia.

Tuanze na hiyo 79, kwa kuwa ndiyo inayowasumbua watu wengi zaidi. Kila dawa inapotolewa, famasia huieleza bima kwamba dawa hii ni ya siku kadhaa: vidonge 30 vya kumeza kimoja kwa siku ni dawa ya siku 30. Bima huanza kuhesabu tangu siku dawa ilipolipiwa, na haikubali kulipa tena mpaka sehemu fulani ya siku hizo iwe imepita. Sehemu hiyo hutofautiana, lakini mipango mingi huiweka kati ya asilimia 75 na 85. Kwa dawa ya siku 30 hiyo ni kati ya siku ya 23 na ya 26. Kwa dawa ya siku 90 chini ya kanuni ya asilimia 75, mlango hufunguka siku ya 68. Na ipo mipango inayozijumlisha zile siku chache unazowahi kila mwezi, hivyo mtu aliyekuwa akichukua dawa yake siku tano kabla miezi minne mfululizo hushangaa mwezi wa tano kuambiwa asubiri, ilhali amekuja kwa desturi yake ileile. Kompyuta inaamini kwamba ana akiba ya vidonge 20 nyumbani, na kwa kweli anapaswa kuwa nayo.

Sasa, hesabu hii ni nyepesi kwa vidonge, na ni ngumu sana kwa insulini. Naomba mnivumilie hapa, kwa maana kisukari kimeingia katika nyumba nyingi kati ya hizi zilizowakilishwa leo. Kalamu moja ya kawaida ya insulini ina mililita 3, yaani yuniti 300. Boksi lina kalamu tano, yaani yuniti 1,500. Tuseme daktari aliandika kwamba mama achome yuniti 40 kila usiku. Gawanya 1,500 kwa 40, utapata siku 37 na ushee, na hiyo ndiyo tarakimu iliyokwenda bima. Wiki mbili baadaye sukari bado iko juu, muuguzi anapiga simu kutoka kliniki na kusema, «Kuanzia leo mama achome 60.» Mama anatii. Kwa yuniti 60 boksi lile haliwezi kufika siku ya 37; likianza jipya huisha siku ya 25, na ukiongeza zile yuniti mbili zinazomwagwa kila mara kuhakikisha sindano inapitisha dawa, litaisha siku ya 24. Bima inayosubiri asilimia 80 ya siku 37 haitafungua mpaka siku ya 30. Mama huyu hajakosea kitu, muuguzi hakukosea katika tiba, mfamasia hakukosea katika hesabu. Lakini kuna siku kadhaa ambazo nyumba haina insulini, na siku kadhaa bila insulini zinaweza kumlaza mtu hospitalini.

Kilichokosekana hapo ni cheti kipya. Kliniki ilipobadilisha dozi kwa simu, ilibadilisha mkono wa mama tu. Haikubadilisha kilichoandikwa famasia. Kwa hiyo daktari au muuguzi akisema ongeza au punguza, swali linalofuata kutoka kwako liwe: «Je, mtatuma cheti kipya chenye dozi hii famasia leo?» Kikishafika, mfamasia huituma upya taarifa ile pamoja na alama inayoieleza bima kwamba tiba imebadilika, na mara nyingi kizuizi huondoka, kikikataa kuondoka hupigwa simu. Hali ni hiyo hiyo kwa ndugu zetu wanaofunga Ramadhani ambao daktari huwapangia dozi nyingine kwa mwezi huo: dozi ikibadilika Ramadhani na ikarudi Shawwal, cheti nacho kifuate.

Wapo pia wanaobadilisha dozi wenyewe. Mtu anasikia kichwa kinamuuma, anajua kwamba ni presha, anameza viwili badala ya kimoja, na vidonge vinakwisha tarehe 20. Akifika kaunta huona haya kusema, hivyo anasema vimepotea. Mficha maradhi, wazee walisema, kifo humuumbua. Mfamasia hayupo pale kukushitaki, na ukimweleza ukweli atampigia daktari wako, ambaye huenda akaona kwamba dozi ya mwanzo kweli haikutosha. Ukimwambia vimepotea, umepata vidonge lakini tatizo lako la presha umelirudisha nyumbani pamoja nawe.

Kuna sababu nyingine ya namba 79 ambayo haina uhusiano wowote na matumizi yako, na nimeikuta mara nyingi mno. Famasia nyingi huandaa dawa za kila mwezi zenyewe, bila kuombwa, na kuitoza bima siku zinapoiandaa. Dawa inakaa rafuni kwenye mfuko ikikusubiri. Wewe umehama mtaa, au umeona famasia nyingine iko karibu na kazini, unapeleka cheti huko, na huko unaambiwa kwamba ni mapema mno. Bima haiongopi: imeshalipia dawa hiyo siku nne zilizopita, kwenye famasia ya kwanza. Tiba ya jambo hili ni simu moja kwa famasia ya kwanza wayafute malipo na kuirudisha dawa rafuni, kisha famasia ya pili itume tena. Dakika kumi zinatosha. Nimewaona watu wakikaa bila dawa wiki nzima kwa ajili ya mfuko ambao ulikuwa tayari na jina lao juu yake, maili tatu kutoka nyumbani.

Niseme kidogo juu ya dawa za matone ya macho, hasa kwa wazee wenye presha ya macho. Chupa huhesabiwa kwa matone, na mkono unaotetemeka humwaga matone mawili shavuni kabla la tatu halijaingia jichoni. Medicare, bima ya shirikisho ya wazee na ya baadhi ya wenye ulemavu, ililitambua hilo, na tangu mwaka 2010 imeelekeza mipango yake iruhusu matone yachukuliwe tena baada ya asilimia 70 ya siku zilizokadiriwa, na mapema zaidi daktari akieleza sababu. Majimbo kadhaa yana sheria za namna hiyo kwa bima nyingine. Mzee anayemaliza chupa kila mara kabla ya wakati aseme wazi kwamba matone humwagika; daktari anaweza kuandika kiasi kinacholingana na hali hiyo.

Aina ya pili ya kizuizi haihusu tarehe, inahusu wingi. Mpango unaweza kuamua kwamba dawa fulani hailipiwi zaidi ya vidonge kadhaa kwa mwezi hata daktari aandike vingapi. Sumatriptan, dawa ya kipandauso, mara nyingi huwekewa kikomo cha vidonge tisa. Vijiti vya kupimia sukari navyo vina kikomo: Medicare hulipia 300 kwa miezi mitatu kwa anayetumia insulini, na 100 tu kwa asiyetumia. Wakati mwingine kikomo kina akili ndani yake, kwa maana anayehitaji vidonge 15 vya kipandauso kila mwezi anahitaji dawa ya kukizuia zaidi kuliko ya kukituliza, na vidonge vyenyewe vikizidi huweza kukileta. Wakati mwingine ni hesabu ya fedha tu, na sioni sababu ya kuipamba. Vyovyote iwavyo, kikomo cha wingi na idhini ya awali hufunguliwa na daktari, si na mfamasia. Mfamasia hutuma ombi kliniki, kliniki hujaza fomu kueleza kwa nini mgonjwa huyu anahitaji kiasi hiki au dawa hii badala ya ile ya bei nafuu, bima hujibu.

Hapo katikati ndipo karatasi hulala. Famasia inasema imetuma, kliniki inasema haijaona, na mgonjwa anaamini kwamba watu wawili wanashughulika naye, kumbe hakuna hata mmoja. Piga simu kliniki siku hiyo hiyo, uliza kama ombi limefika na nani anayelishughulikia, uandike jina lake na tarehe. Siku ya pili piga tena. Kupiga mara mbili si utovu wa adabu katika nchi hii. Na mjue muda ambao sheria imeuweka. Mwenye Medicare akiomba mpango wake umwondolee kikomo, jibu linapaswa kutoka ndani ya saa 72 tangu maelezo ya daktari yapokewe, na ndani ya saa 24 daktari akisema kwamba kusubiri kutahatarisha afya. Mipango ya soko la bima la serikali nayo ina muda huo huo kwa maombi ya dawa zisizo kwenye orodha yake. Kwa Medicaid, sheria ya shirikisho inataka ombi la idhini ya awali lijibiwe ndani ya saa 24, na katika dharura mgonjwa apewe dawa ya saa 72 wakati anasubiri. Hiyo dawa ya saa 72 wengi hawaijui, na hata baadhi ya wahudumu wapya nyuma ya kaunta wanahitaji kukumbushwa. Ikumbushe kwa upole, lakini ikumbushe. Aliyejiunga na mpango mpya wa dawa wa Medicare, akakuta dawa yake ya siku zote imewekewa masharti, ana haki ya kupewa dawa ya angalau mwezi mmoja ndani ya siku 90 za mwanzo, ili apate nafasi ya kuomba idhini au kubadilishiwa dawa.

Juu ya dawa zinazodhibitiwa, kama zile kali za maumivu, za usingizi na za watoto wenye tatizo la kutotulia, nitakuwa mfupi. Hapa wenye kauli si bima peke yake. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 imeziweka dawa hizi katika madaraja. Za daraja la pili haziruhusiwi kujazwa tena kwa cheti kile kile, kila mara kinahitajika cheti kipya, na za daraja la tatu na la nne haziwezi kurudiwa zaidi ya mara tano ndani ya miezi sita. Zikipotea au zikiibwa, mfamasia hana uwezo wa kukuhurumia kwa dawa. Zifungie.

Jambo linalofuata litawaudhi baadhi yenu, na ninalisema kwa heshima. Katika nyumba zetu dawa hugawanywa. Shemeji kaja kutoka nyumbani, hana bima, presha yake imepanda, anapewa vidonge vya baba. Au mtu anasafiri wiki ijayo, na kwenye begi lake zinawekwa chupa mbili za metformin, dawa ya kisukari, za dada aliyeko Bujumbura. Naujua moyo unaofanya hivyo. Lakini bima inamhesabia baba vidonge 30, na shemeji akila kumi, baba atafika kaunta siku ya 20 bila sababu yoyote anayoweza kuieleza. Zaidi ya hilo, figo za shemeji hazijapimwa, na ipo dawa ya presha inayomsaidia mmoja na kumwangusha mwingine. Shemeji asiye na bima apelekwe kwenye kliniki ya jamii inayotoza kulingana na kipato; zipo katika mji huu, na hazimrudishi mtu kwa sababu hana uwezo wa kulipa. Metformin ya Bujumbura inunuliwe Bujumbura kwa fedha mtakazotuma, kwa cheti cha daktari anayemwona mgonjwa.

Sasa tufike kwenye safari, ambayo ndiyo iliyowafanya wazee wengi waombe mkutano huu. Watu wetu hawasafiri kwa siku kumi. Tiketi ni ghali, ndugu ni wengi, kuna harusi, kuna arobaini ya marehemu, kuna shamba la kuangalia. Mtu akienda hukaa miezi miwili au mitatu. Dawa ya siku 30 haitoshi, na bima inakataa kumpa nyingine kwa kuwa ya kwanza haijaisha. Njia ipo, lakini inataka muda. Anza wiki nne kabla ya safari, si jioni ya kufunga mizigo. Mwombe daktari kwanza abadilishe cheti kuwa cha siku 90, kwani mipango mingi huiruhusu kwa dawa za magonjwa ya kudumu, na kwa hilo pekee wengi watakuwa wamemaliza shida yao. Kama bado hazitoshi, mweleze mfamasia kwamba unasafiri, umwonyeshe tarehe za tiketi, na umwombe aiombe bima ruhusa ya safari. Ipo alama maalumu anayoiweka kwenye taarifa kwa ajili ya safari, kama ilivyo nyingine kwa dawa iliyopotea. Mipango mingine hukubali papo hapo, mingine hutaka wewe mwenyewe upige namba iliyo nyuma ya kadi, mingine huruhusu mara moja tu kwa mwaka, na mingine haina kabisa ruhusa hiyo. Jibu la mpango wa jirani yako si jibu la mpango wako.

Msitegemee kwamba dawa itawafuata huko. Famasia za posta za hapa hazitumi dawa nje ya nchi, na Medicare kwa kawaida hailipii dawa iliyonunuliwa nje ya Marekani. Kinachobaki ni kulipa mwenyewe kwa zile wiki zilizopungua, na hapo nina habari njema kidogo: dawa nyingi za presha, kisukari na mafuta ya damu ambazo si za jina la kampuni zina bei ndogo hata bila bima. Walmart ilianza mwaka 2006 kuuza mamia ya dawa za namna hiyo kwa dola 4 kwa mwezi, na maduka mengine yakafuata. Sheria za shirikisho zilizotiwa saini Oktoba 2018 zimepiga marufuku mikataba iliyokuwa ikimzuia mfamasia kumwambia mteja kwamba bei ya taslimu ni nafuu kuliko ya bima. Muulize moja kwa moja: «Nikilipa bila bima, ni kiasi gani?» Kikomo cha bima ni kikomo cha kulipa. Kwa dawa isiyodhibitiwa, yenye cheti halali na mizunguko iliyobaki, yaani mara za kurudia zilizobaki, mfamasia akiona ni salama anaweza kukuuzia. Watu wengi hudhani kwamba bima ikikataa, basi dawa yenyewe imeharamishwa.

Mkisafiri, dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya chupa zake zenye lebo ya jina lako, pamoja na barua ya daktari inayotaja jina la dawa lenyewe na si jina la biashara, kwa kuwa majina ya biashara hubadilika kutoka nchi hadi nchi na daktari wa Mombasa anaweza asilijue lile la hapa. Insulini isiwekwe kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege, ambako inaweza kuganda na kuharibika. Anayebeba dawa inayodhibitiwa aulize mapema masharti ya nchi anayokwenda. Kwa Tanzania mamlaka husika ni TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kwa Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu.

Linalochanganywa mara kwa mara na kukataa kwa bima ni kuisha kwa cheti. Tazama lebo ya chupa: pameandikwa ni mara ngapi unaweza kurudia. Ikiwa ni sifuri, bima haijafanya lolote. Daktari ndiye anayesubiriwa, na cheti cha dawa ya kawaida hapa Ohio kikipita mwaka mmoja hakitumiki hata kama kilikuwa na mizunguko iliyobaki. Januari 2014 kijana wa miaka 36 wa jimbo hili alifariki baada ya kukosa insulini wakati wa sikukuu za mwaka mpya, cheti chake kikiwa kimekwisha na kliniki ikiwa imefungwa. Familia yake haikunyamaza, na mwishoni mwa mwaka 2015 Ohio ilipata sheria inayoitwa kwa jina lake, Sheria ya Kevin, inayomruhusu mfamasia kutoa dawa ya dharura ya ugonjwa wa kudumu bila cheti kipya, pale anapokuwa na kumbukumbu za mgonjwa na daktari hapatikani. Majimbo mengine mengi yamefuata. Sheria hiyo humpa mfamasia ruhusa ya kutoa; malipo ni suala jingine, lakini mgonjwa wa insulini hapaswi tena kulala bila dawa Jumamosi usiku kwa sababu kliniki itafunguliwa Jumatatu.

Yote haya yanataka kuzungumza, na najua Kiingereza cha bima kinawashinda hata waliozaliwa nacho. Kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya mwaka 2010 kinazitaka bima, hospitali na famasia zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zikupe mkalimani bila malipo. Ukipiga namba ya nyuma ya kadi, sema tu maneno mawili, «Swahili interpreter», kisha subiri kwenye simu. Asiyetumia Kiswahili aseme Kirundi, Kinyarwanda au Lingala. Mkalimani si upendeleo wa kuombwa kwa unyenyekevu. Na nawasihi wazazi msiwafanye watoto wakalimani wa dawa. Kanuni za kifungu hicho zinazuia taasisi kuwategemea watoto isipokuwa kwa dharura, na sababu yake ni nzito: mtoto wa miaka kumi akitafsiri yuniti 14 kuwa 40, atabeba mzigo usio wake.

Ikiwa umefanya yote na bima bado imekataa kwa maandishi, barua hiyo isitupwe. Ndani yake kuna sababu, kuna anwani ya kukatia rufaa, na kuna tarehe ya mwisho. Kwa mipango mingi ya kazini na ya soko la serikali una siku 180 za rufaa ya kwanza, na ikishindikana unaweza kuomba mtu wa nje, asiyelipwa mshahara na bima hiyo, aitazame upya. Kwa Medicare muda ni mfupi zaidi, siku 65. Daktari wako ndiye shahidi wako mkuu, hivyo rufaa isiyo na barua yake haina miguu.

Nimalize na kalenda. Wenye Medicare hubadilisha mipango ya dawa kati ya Oktoba 15 na Desemba 7. Mawakala watawapigia simu, watawasifia meno na miwani. Nyinyi waulizeni dawa zenu, moja baada ya nyingine: imo kwenye orodha ya mpango huu, ina kikomo cha vidonge vingapi, inahitaji idhini ya awali, na je, naweza kuchukua ya siku 90 katika famasia ninayoitumia? Wakala asiyeweza kujibu hayo manne hajakujua bado. Mliokuja na chupa zenu na barua za bima kama nilivyoomba, mimi na wenzangu wawili tuko kwenye meza ile ya nyuma mpaka saa mbili usiku. Wenye insulini watangulie.